Kizibo Juu ya Mitutu Miwili

Baba Resti,

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Nimehamia kwa binti yako Restituta hapa Katandala, ananitunza vizuri, sina la kulalamika. Juzi alichinja kuku nikakubakizia firigisi. Aliiona kwenye kibakuli, akaifunika.

Kabla ya kuondoka kijijini kwetu Kate niliikabidhi bunduki yako kituo cha polisi. Huko nimeambiwa jambo, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka Jumapili zetu. Tukitoka misa, tukishakula, unasimama sebuleni unaulenga ule ukuta wa nyuma, ili siku nguruwe pori wakivamia mahindi mkono usikusaliti. Risasi bandia nilizitengeneza mimi, hilo usinipokonye. Ulileta maganda matupu, nikayajaza ulezi yapate uzito, na pale pini inapogonga nikabana kipande cha ndala yangu iliyokatika. Wiki haikuisha panya wakayatoboa, wakala ulezi wote. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Mama Resti, umewapikia panya," ulisema.

Nilinuna siku mbili. Kisha nikatengeneza nyingine za mchanga, nikazipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango, na hizo zikadumu miaka.

Hukugusa bunduki kabla sijakuuliza, "Za kweli ziko wapi?" Nawe unajibu, "Kwenye sanduku, kufuli limefungwa, ufunguo ninao." Hapo nakupa za bluu, mbili mbili, kisha naweka kizibo cha soda katikati ya ile mitutu miwili. Ukifyatua inalia ta. Kizibo kisipoanguka, umeshinda. Mimi nilikuwa naangalia shingo yako kuliko kizibo. Sasa hivi naweza kusema.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Kizibo kilianguka, ukakiokota. Kikaanguka tena. Mara ya tatu uliiweka bunduki chini, ukatoka, ukasimama juani ukilitazama shamba. Sikutaka kuiona tena Jumapili ya namna ile. Iliyofuata, mvua ndiyo zinaanza, nilikibandika kizibo kwa kitonge cha ugali. Hakikuanguka.

"Bado nipo," ulisema.

"Upo sana," nikaitikia.

Nilikudanganya hivyo mwaka mzima, na woga ulinila. Siku ukienda shambani na za kweli kwa kuuamini ugali wangu, ukamjeruhi mtu, je? Lakini hukwenda. Mara baridi, mara magoti. Ulipokufa niliona aibu, kwamba nilimchezea mume wangu kama mtoto.

Sasa sikia. Kituoni nililipeleka na sanduku, kufuli na ufunguo wake, maana sikuwahi kulifungua. Askari, dada mmoja mpole, alinipa shikamoo, akalifungua, akanitazama.

"Mama, humu hamna kitu. Mzee alituletea risasi zote mwaka jana mvua zilipoanza. Alisema mikono haimtii tena."

"Na bunduki mkamwachia?"

"Leseni ilikuwa hai. Alisema ataileta, ila kwanza ana mazoezi na mama kila Jumapili."

Nilikaa kwenye benchi lao mpaka wakaniletea maji. Mvua zilipoanza, Baba Resti. Wiki ile ile ya ugali. Na ndiyo kweli, tangu hapo nikikuuliza za kweli ziko wapi, hukulitaja tena sanduku. Ulisema, "Ziko salama, mama." Nikadhani umechoka maneno mengi. Kumbe hukutaka kunidanganya, ingawa mimi nilikudanganya kila wiki. Ulisimama pale na bunduki isiyo na kazi tena, ili mimi nisimame nyuma yako.

Ningejua, ningekusogelea zaidi.

Za bluu askari hakuzitaka. Ninazo hapa mezani. Leo Jumapili, tumetoka misa, tumekula, na nimejikuta nauliza kwa sauti, "Za kweli ziko wapi?" Restituta akatokea jikoni, akauliza naongea na nani.

"Na baba yako," nilimjibu.

Nimejaribu kuzipanga za bluu mbili mbili, zinaniponyoka. Sasa mikono inayotetemeka ni yangu, na wa kunibandikia ugali hayupo.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Resti