Mbuzi wa Mwitu, Barabara ya Taif

Jumanne, 13 Januari
Nimeosha gari tena. Kinyesi cha nyani kimegandia juu ya paa. Ijumaa mbili mfululizo Bosi ametutoa Jeddah na kutupandisha milima ya Taif kutafuta mbuzi wa mwitu, kwa sababu mama yake, Hajja, aliwaona utotoni. Mimi dereva wake, na Ijumaa zote ni zangu za kupumzika. Tumeona nyani tu.

Alhamisi, 15 Januari
Dada yangu Mwikali amepewa ruhusa ya kurudi Kitui. Ndege kesho jioni. Tumekaa mji mmoja na hatuonani, madam anayemfanyia kazi za ndani hamruhusu kutoka. Nikamwomba Bosi nikamuage.
"Kesho ni mlimani. Tutarudi mapema, inshallah."
Inshallah yake naijua.

Ijumaa, 16 Januari
Tulichelewa kutoka, mke wa Bosi alikuwa anatafuta chupa ya chai. Tukazunguka nje ya Makka kwa sababu mimi Mkristo. Bosi akanung'unika njia nzima, kana kwamba barabara nimeichora mimi. Juu, ukungu. Baridi ya kung'oa meno. Nyani wakapora mkate. Bosi akanilaumu mimi.

Kisha nikawaona. Wamesimama kwenye jabali wima, pembe zimepinda hadi mgongoni. Mimi peke yangu niliyewaona. Nikisema, tutakaa hapo hadi giza. Nikinyamaza, tutatafuta hadi giza. Kwenye kioo Hajja alikuwa anafuta dirisha kwa ncha ya mtandio.

Nikasimamisha gari. "Hajja, kulia. Juu."
"Wallahi, ndio wao," akasema. Machozi yakamtoka.

Bosi akaruka nje na simu, "Yalla, yalla, haraka!" Mbuzi wakatoweka. Eti tungoje warudi! Nikapasuka.
"Bosi, dada yangu anaondoka leo!"
Nikajua kazi imeisha. Hajja akagonga kiti changu.
"Halas. Nimeshaona. Twende kwa dada yake."

Kwenye kona za kushuka lori lilikuwa limeziba njia. Nilipofika uwanjani, Mwikali alishaingia ndani. Simu imezimwa.

Wale mbuzi walikuwa wazuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 18 Januari
Sijafukuzwa. Bosi hanisemeshi.
Mwikali amepiga simu. Yuko jikoni kwa mama, anakula. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Aliuliza nilikuwa wapi, nikamweleza.
"Pembe ndefu kiasi gani?"
Nikanyoosha mkono kumwonyesha, simu sikioni, peke yangu chumbani.