Kamba ya Kapita

Dzaleka, jumatatu mchana
19 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Rodrigue,

Jambo sana kutoka kwa yaya yako Arlette, dada yako mkubwa. Uko mzima huko Winnipeg? Charlène na mtoto je? Na ile kikohozi yako ya baridi ilipona, ao bado unakunywa maji ya fridji kama mtoto? Huku kwetu tuko, tunashukuru Mungu. Mama walimfungua plata ya mkono wiki mbili zilizopita. Vidole vinashika kikombe, ila kukamua nguo bado. Kula anakula vizuri.

Usishangae kuona karatasi. Régine, mwenzangu wa kushona, ataipiga picha na kukutumia kwa simu yake. Sikutaka kukuachia sauti juu nyumba hii ukuta ni mmoja, mama anasikia yote, na Kapita pia. Sasa mama iko kwa maombi ya bamama, atarudi saa kumi. Mi niko nakuandika nikisimama na kukaa, nikisimama na kukaa, mashine nimeifunika. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ni habari ya mbwa yako, Kapita.

Mwezi wa tatu tulikuambia mama aliteleza. Tulikudanganya, utusamehe. Alikuwa ameshika Kapita kwa kamba, banaenda kanisani. Walipofika kwenye uwanja kando ya barabara, pale basi yenu ilisimama siku mliondoka, mbwa ikamvuta mbio. Ndivyo mama alivyosema. Akaanguka kwenye changarawe, mkono ukavunjika, na mtu wa kabaza alikata kona kumkwepa, baiskeli na gunia lake la mkaa vyote chini.

Papa Zihindula, mkubwa wa block yetu hapa kambini, alikuja nyumbani. Aliongea kwa heshima, lakini aliongea. Mbwa itembee tulivu katikati ya bantu, yeye mwenyewe akiona, kabla mwezi wa tano kuisha. Isipoweza, iende. Na mtu wa kuichukua alikuwepo tayari, mkulima wa nyanya kule Nathenje, anatafuta mbwa ya kufunga mnyororo shambani. Mama akajibu kama Kapita inaenda Nathenje, basi na yeye bamufunge hapo hapo kwenye nyanya. Unamjua mama. Hiyo mbwa njo kitu yako yenye ilibaki hapa.

Basi nikaanza kufundisha mbwa, mi ambaye hata kuku sijawahi kufundisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Nilimfunga shingoni kwa ule mpira wa tairi wenye bantu ba kabaza banafungia mizigo, juu ni ngumu na haukatiki. Inavuta, navuta. Nafoka, inavuta zaidi. Nilirudi nyumbani mikono imechubuka, siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, na nguo za bantu zinalala. Nilimchukia, Rodrigue, nikakuchukia na wewe kidogo.

Halafu nilishuka Lilongwe kutafuta zipu kwenye soko la Mchesi, nikakutana na Guy, ule wa Kadutu mwenye tulisoma naye. Anachunga mbwa mbili kwa nyumba ya tajiri mmoja. Nikamwelezea. Aliposikia habari ya mpira alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mpira unarefuka. Kila mara mbwa inavuta, inapata hatua mbili za bure, sasa kwa nini iache? Mi mwenyewe njo nilikuwa namfundisha kuvuta.

Alinionyesha pale pale barabarani, kwa kipande cha kamba, mi nikiwa mbwa. Bantu banapita banaangalia, sikujali. Kamba ikikaza, simama. Usivute, usifoke, usimuangalie. Ikilegea tu, tembea. Na akija karibu na goti lako, mpe kitu.

Nikamshonea mkanda wa kifua kwa kamba za begi ya shule iliyochanika, mishono minne kila kona. Nikanunua kamba ya kawaida, na usipa mkavu kidogo, vile visamaki, wa kuweka mfukoni. Siku ya kwanza kutoka mlangoni mpaka bomba ilichukua saa nzima. Bamama ba foleni waliniuliza kama niko mgonjwa. Kusimama bila kufanya kitu, we, ni kazi. Miguu yangu ilikuwa inawasha. Nilihesabu, niliomba, nilikutukana kimoyomoyo. Nguo zangu zote zinanuka usipa mpaka leo.

Lakini ilishika. Wiki ya tatu tulipita sokoni. Wiki ya tano batoto banacheza mpira mbele yake, inawaangalia, halafu inaniangalia mi.

Jumamosi iliyopita nikamwita Papa Zihindula. Tukazunguka soko lote, mbuzi, kabaza, mama wa mandazi, kamba imelegea njia nzima. Mwishoni akasema twende na pale kwenye uwanja wa basi, na kamba ashike mama, juu huko njo mkono ulivunjikia. Nikampa mama kamba kwa mkono wake mzima.

Tulipofika, kabla sijamzuia, mama akatoa simu na kufungulia sauti yako. Ile ya juzi. Sauti yako ikatoka kubwa: mama, mujitayarishe, mwezi ujao faili yenu ya kuja huku inatoka.

Kapita ilisimamisha masikio. Ikalia kidogo. Halafu ikakaa chini, Rodrigue, matako kwenye vumbi, inaniangalia.

Mama njo alienda. Alitembea kuelekea barabara, simu kwenye sikio, haraka, haangalii kushoto wala kulia, na lori inakuja. Kamba ikakaza nyuma yake. Mbwa haikuinuka. Mama alivuta mara moja, mara mbili, halafu akasimama, akaangalia kamba kama hajui inatoka wapi. Nilimfikia nikamshika bega. Akaniambia polepole kwamba hata mwezi wa tatu haikuwa mbwa, ni yeye alikuwa anafuata sauti yako.

Papa Zihindula alivua kofia. Alisema tu mbwa ibaki, akaenda zake.

Sasa nisikilize. Miezi kumi na sita unamwambia mwezi ujao. Najua unasema kwa upendo, na mi pia nilitaka iwe kweli, simu yoyote ikilia nasimama. Lakini mama hajapanda mboga ya lengalenga tangu uondoke, juu anasema nani atavuna. Sanduku lake liko limefungwa chini ya kitanda, kila jumapili anafungua, anapiga vitenge pasi, anafunga tena. Unampa hatua mbili za bure kila mwezi, na yeye anavuta.

Mwambie hujui. Usitume sauti, mpigie jumapili saa nane, nitakuwa karibu naye na mlango nitafunga. Acha alie akiwa amekaa nyumbani. Kulia kunaisha. Lori haingojei.

Nisalimie Charlène, umbusu mtoto. Papa Zihindula, Régine na Guy banakusalimia. Mama anakusalimia kila saa, hilo unajua.

Nasikia mlango wa uani, amerudi. Kapita imeinuka kumpokea, mkia tu, haikumrukia.

Mungu akulinde kwenye hiyo baridi, na jumapili akupe nguvu ya kusema neno moja: sijui.

Mi yaya yako, nakupenda hata nikikukasirikia,
Arlette