Jogoo wa Shukrani kwa Digrii Ambayo Sina

Jumapili, Kaloleni

Mdomo wangu huu mtamu ndio ulionifikisha hapa. Nilimwambia mama nasoma digrii kwa mtandao, akaacha kunisema kwa kulala mchana. Leo kapeleka jogoo wa shukrani kanisani. Mchungaji akanisimamisha mbele, watu wakapiga makofi, nami nikapunga mkono kama mbunge.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mjomba anayekaa Njiro alimnunua yule jogoo, akaninong'oneza: "Msomi, umeingiaje digrii na ziro ya kidato cha nne?"

"Siku hizi wanaangalia kipaji, anko."

Akacheka mpaka akakohoa.

Ukweli ni kwamba chuo kilishanijibu. Nirudie kwanza mtihani wa kidato cha nne, kisha nisome kidato cha sita au diploma, ndipo niombe digrii. Kumbe hata kwenye mtandao hakuna dirisha la kurukia.

Njiani nilianza, "Mama, ile digrii..."

Akanishika mkono. "Tangu baba yako atutoke, leo ndiyo nimeitwa kukaa benchi la mbele."

Nikambebea Biblia yake hadi nyumbani. Sasa ni usiku, yuko nyuma ya pazia la chumba chetu anaimba, na mimi nashindwa hata kujigeuza kitandani.