Jina ya Anselme ku jiwe

Katuba, Lubumbashi

Baba yangu,

Nakusalimia na heshima yote. Mugongo yako iko namna gani? Na Mama, ile kikohozi ilimuacha? Miye niko muzima, nakula, nalala.

Yaya Fidèle, mukubwa wangu, alikuambia ku telefone kama patron alinifukuza ku atelie ya majiwe ya makaburi kule commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Njo kweli. Na weye ukanitumia neno nirudi kwetu Kongolo, kuchonga majiwe hapana kazi ya mwanamuke. Baba, sikia kwanza vile ilipita.

Mujane mumoja, Mama Séraphine, alikuya na kadi ya ndoa ya zamani. Bwana yake, Anselme, alikuwa napanga herufi za chuma ku imprimerie ya mission, kule banachapa vitabu na kadi. Nusu ya bazee ba Katuba balioana na kadi zake. Mujane alitaka jina ya marehemu ichongwe na ile ile herufi. Unaijua, hata kadi yenu na Mama iko nayo: mustari moja nene kama nguzo, ingine nyembamba kama unywele. A iko na muguu moja ya nguvu, moja ya uzi, na kila muguu inakanyaga kamustari kadogo kamenyooka.

Patron alikatala. Alisema ile ni herufi ya karatasi, ya vichwa vya magazeti na machupa ya marashi. Ku jiwe uzi itavunjika. Yeye anapenda herufi nene za ordinateur, ile kompyuta yake, zile zile kwa marehemu bote.

Miye nikajaribu hata vile, ku jiwe ya mujane. Ku E jiwe ikabanduka, uzi ikapotea. Patron akaniambia mbele ya bote nirudilie kupaka rangi, kuchonga ni ya banaume.

Nikamujibu: "Jiwe moja imevunjika, patron. Mukono yangu haiyavunjika."

Akanifukuza. Nikatoka na vyuma vyangu vya kuchonga.

Mama Séraphine akanifuata mpaka mu lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba, na jiwe ingine, nyeusi. Hapo njo nilifahamu kosa yangu: nilichora herufi ndogo sana. Hii namna hapana ya maneno madogo, uzi yake inataka nafasi. Nikaikuza. Nguzo nikazipanua, uzi nikaichonga nyembamba lakini ya kuingia ndani, pole pole, siku kumi na moja. Vidole vilitoka damu. Sikulia.

Siku ya kusimamisha jiwe, mujane alipitisha kidole ku kila herufi. Akasema: "Njo yeye."

Patron naye alikuya kuona. Akaingiza kucha mu uzi ya N. Kisha akasema naweza kurudi, kupaka rangi. Nikamuambia hapana.

Sasa familia ingine mbili bameleta majiwe yao hapa kwangu. Sirudi, Baba. Kama unaona haya juu yangu, panda treni, ukuye uone kwa macho yako, kisha useme.

Nisalimie Mama sana, na mudogo wangu mwalimu. Na shangazi, mwenye kusuka nywele, umuambie aache kunitafutia bwana. Kama anapata jiwe muzuri, anitumie.

Miye binti yako, muchonga majiwe,
Odile