Baruti Isiyokwisha

Cutler, Montana
Jumapili, tarehe 20 Februari 2022

Kwa dada yangu Idella,

Pokea salamu zangu pamoja na za shemeji yako Orrin, ambaye amenipigia kelele kutoka sebuleni nisisahau kuzitia. Habari za moyo huo? Bado unakwenda mbio ukipanda ngazi? Na miguu, imepungua kuvimba au ndiyo kwanza inaongezeka? Na huyo paka wako mnene, bado anakunyima kiti chako mwenyewe? Sisi huku wazima, ukiacha magoti na baridi. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni na kuku wamegoma kutaga.

Dada, najua umenikasirikia. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na wewe huandiki mistari minne ila ukiwa umefura. Umesema umeelewa kwamba Verna mdogo wako hana nafasi. Nimelia niliposoma hapo. Tangu mumeo Walt afariki huna mtu huko Spokane wa kukaa nawe, na hospitali wamekuambia hawakufungui kifua tarehe tatu Machi kama hakuna ndugu wa kukupeleka na kukurudisha nyumbani. Umeniomba mara mbili. Mara ya kwanza nikasema theluji, mara ya pili nikasema kifua cha Orrin. Zote uongo. Kifua cha Orrin kizima kama cha ng'ombe dume. Naomba usome mpaka mwisho, kisha ukitaka kuichana hii barua uichane.

Unamjua shemeji yako kwa ubahili. Basi bei ya risasi ilipopaa miaka miwili iliyopita, ubahili ukageuka dini. Fataki, vile vikombe vidogo vinavyogongwa na bunduki ili baruti iwake, zilikuwa dola thelathini na tano kwa elfu moja. Zikafika mia moja, na hizo uzipate kwa foleni ya alfajiri, kila mtu kopo moja, watu wazima wanasukumana kama watoto wa shule. Orrin akaapa kwamba wenye maduka hawataiona tena senti yake. Akawa anazunguka kwa mafundi matairi kuomba vipande vya madini ya risasi vinavyobandikwa kwenye magurudumu. Akaenda kwenye ngome ya udongo inayozuia risasi pale klabuni kwao wanakolengea shabaha, akachimba risasi zilizokwisha kupigwa, akaja nazo kwenye ndoo za rangi. Akayeyusha vyote, akasubu vichwa vipya vya risasi kwenye kalibu. Halafu akasema madini ni laini mno, yanataka bati, na bati ni ghali. Idella, kile kikombe cha mama nilichokuambia kimepotea wakati wa kupaka rangi, hakikupotea. Kilikuwa cha bati. Nilikuta mkono wake wa kushikia tu ukielea kwenye sufuria. Sikumpikia wiki nzima. Alikula maharage ya kopo na hakulalamika, kwa hiyo anajua alichofanya.

Katika baruti nako alipiga hesabu zake. Alichagua ile kali inayowaka upesi, ambayo unatia kijipunje tu na inatosha, ili kopo moja liende mbali. Nami nikamsifu. Lakini ubaya wake ni kwamba ganda la shaba linabaki karibu tupu. Ukisahau ukatia mara ya pili, halimwagiki, halijai, halikuambii kitu. Inabidi uinamishe taa na uchungulie kila ganda. Orrin alikuwa akichungulia, tena mara mbili, na alijivuna kwamba kwa miaka hamsini hajawahi kukosea hata moja.

Sasa macho yamekwenda. Nilikuambia kidogo kwenye simu, ila sikukuambia yote. Katikati ya kila anachotazama pana ukungu, anaona pembeni tu. Ananiangalia sikio ili aone uso wangu. Leseni ya gari walimnyang'anya majira ya kuchipua, gari akaliuza, na msimu wa kuwinda paa aliwasikia wenzake wakipita barabarani akazima redio ili asiulizwe kitu. Kikabaki kile kibanda chake nyuma ya nyumba, na ile mashine ya kushindilia risasi. Kila asubuhi baada ya kahawa anashika kamba niliyomfungia, anaifuata mpaka mlangoni, anafanya kazi hadi saa sita mchana. Akitoka huko anapiga mluzi.

Na daftari lake, mwenzangu! Ananiandikisha humo kila risasi imemgharimu kiasi gani. Zamani ilikuwa senti ishirini na mbili. Ikashuka kumi na tano. Krismasi ikafika tisa. Mwezi uliopita nne. Basi si akampigia simu Lowell Tveit, mwenyekiti wa klabu ya walenga shabaha, kumtambia! Lowell akaja mbio na keki ya tufaha ya mkewe, akakaa jikoni kwangu, akasema jamani mzee, wenzako tunakamuliwa, hebu tupe siri. Wakakubaliana Orrin azungumze klabuni Jumamosi ya tarehe tano Machi, awaeleze jinsi ya kubana matumizi. Na Orrin, kwa kuwa ulimi hauna mfupa wa kuusimamisha ukishasifiwa, akaahidi kila mwanachama boksi la risasi hamsini, bure, kama ushahidi. Wako thelathini. Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini nikapiga hesabu: risasi elfu moja na mia tano.

Sasa nakuambia nililolificha. Oktoba nilikuwa nampangia risasi kwenye maboksi, nikaona moja imekaa upande. Nikaifungua kwa ile nyundo ya plastiki, unaitia risasi kichwani mwa nyundo, unagonga, vitu vyote vinatoka. Haikuwa na baruti hata chembe. Nikafungua boksi zima. Mbili zilikuwa na baruti mara mbili. Yoyote kati ya hizo ingempasulia mtu bastola mkononi, mbele ya uso wake. Nilikaa pale chini ya rafu nikijiambia ningoje ale, kisha nimwambie. Akaja kula. Akanisimulia kwamba mikono yake bado inakumbuka kila kitu, hata macho haina haja nayo. Ningesema nini hapo? Niambie, Idella, wewe ungesema nini?

Basi tangu siku ile, kila siku akilala baada ya chakula cha mchana, nachukua alichoshindilia asubuhi nakwenda nacho kwenye banda la kuku. Natandika gunia juu ya gogo, nagonga. Moja baada ya nyingine. Vichwa huku, maganda na fataki zake huku, baruti narudisha koponi. Akiamka saa tisa kila kitu kimerudi mahali pake. Kesho yake anashindilia vilevile, nami nafungua vilevile. Ndiyo maana gharama inashuka, dada. Hakuna kinachotumika. Maboksi yakitoweka rafuni namwambia kuna Bwana Hagen, mzee wa ng'ambo ya bonde, amepita kununua, na natia pesa zangu za mayai kwenye kopo la mauzo. Kuna siku Orrin aliniuliza huyo Hagen anapigana na nani. Jumapili sipumziki, mgonjwa sipumziki. Nilipopata homa ya Novemba niligonga nikitapika. Nikiondoka siku mbili tu, Lowell atapita kuchukua boksi, na mtu atakufa kwa mkono wa mume wangu. Ndiyo theluji yangu hiyo.

Jumatano iliyopita akaniita nimwandikie ile hotuba. Nikakaa na kalamu. Akasema niandike, kwanza, usinunue unachoweza kuokota. Nikaandika. Pili, usimdharau fundi matairi, mpelekee biskuti. Nikaandika. Tatu, akasema, jitafutie mteja kama Hagen.

Kalamu ikasimama. Akaniambia niandike, mbona siandiki. Jitafutie Hagen, mtu anayechukua risasi zako zote mchana na kuzirudisha koponi kabla hujaamka. Baruti haitakwisha maisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu apoteze masikio kwa milio ya bunduki, kama mkono wa Hagen unamuuma.

Niliweka kichwa mezani nikalia kama mtoto. Akaniambia kichwa cha risasi kikishindiliwa kinabanwa na mdomo wa ganda, kinabaki na mkunjo, na vidole vyake havijapofuka. Kuna vichwa vina mikunjo saba. Na lile kopo la fataki alilofungua wakati wa sikukuu ya batamzinga, Novemba, angekuwa amelimaliza kabla ya Krismasi, mbona bado limejaa? Alisema mwezi wa kwanza alinichukia. Baadaye akaogopa, kwamba akiniuliza, nitamwambia ni ngapi alizokosea. Basi ndiyo akaniuliza ni ngapi.

Nikamwambia. Tangu Oktoba, kumi na tisa.

Alikunywa kahawa yake mpaka mashapo. Halafu akaomba simu, akampigia Lowell, akimfokea kama viziwi wafanyavyo, kwamba macho yamekufa, hakuna boksi wala hotuba, na asimletee mtu keki ya pole. Akashika kamba yake akaenda kibandani. Aliporudi aliniwekea mpini wa mashine mapajani, mzito na wa baridi, akasema nenda kwa dada yako, bila huu siwezi kudhuru mtu.

Nilidhani nitafurahi. Kwa siku mbili nilipakia sanduku huku naimba. Leo asubuhi baada ya kahawa nikamkosa, nikafuata kamba. Alikuwa amekaa mbele ya mashine. Mkono wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, pale mpini ulipokuwa, haushiki kitu. Midomo inahesabu. Hakujua kama nimesimama mlangoni, na mimi sikuweza kumwita.

Nikarudi ndani, nikatoa mpini kwenye sanduku langu, nikaenda nikaufunga mwenyewe. Alinisogezea bisibisi. Badala yake nimembebesha Lowell makopo yote ya baruti na fataki zote, hata zile za akiba chini ya kitanda. Orrin atashindilia vichwa kwenye maganda matupu. Risasi hizo hazitaua hata inzi. Atajaza maboksi, ataniandikisha daftari, na mimi nikitoka kwako nitarudi nizifungue, sasa bila kujificha, jikoni penye joto. Ameshanifundisha. Alisema miezi yote hiyo nimekuwa nikigonga mara tatu kwa unyonge, nigonge mara moja kwa nguvu.

Nitapanda basi Jumanne ya tarehe mosi, nitafika kwako jioni. Mke wa Lowell atamletea Orrin chakula. Nitakaa siku kumi, zaidi ya hapo usiniombe, maana ndiyo kiasi cha maganda yaliyobaki.

Nisalimie majirani wote wa ghorofa yako, na huyo paka mwambie kiti ni changu. Nakuletea jamu ya matunda ya mlimani na vichwa sita vya risasi nimevifunga kwenye leso. Usicheke. Kikombe cha mama kimo humo.

Mdogo wako akupendaye, asiyekudanganya tena,

Verna