Nafasi ya Njoki Katika Chuo cha Uuguzi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bahati, Kaunti ya Nakuru

Jina: Milcah Wachuka Kariuki
Umri: Miaka 43
Elimu: Kidato cha Nne
Kazi: Mwenye duka la saiba (intaneti na uchapishaji) na picha
Makao: Bahati, nyuma ya soko

Leo ni Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025. Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ya kuvaa sweta mbili. Nimefika kituoni saa mbili na robo. Konstebo Chepkosgei amenieleza kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Tarehe na saa ninazotaja nimezitoa kwenye shajara yangu, ambayo huiandika kila siku kabla ya kulala.

Mbali na duka, kila Jumamosi alasiri huwa nawasaidia vijana waliomaliza Kidato cha Nne kuchagua kozi za chuo. Tunakutana katika ukumbi wa kanisa letu. Mimi mwenyewe sikwenda chuo. Nilianza baada ya kuona wazazi wengi wakija dukani kuniambia nibonyeze kozi fulani, na mtoto mwenyewe amesimama mlangoni hajui kozi hiyo ni ya nini. Ninaangalia alama za mtoto katika kila somo, ninaangalia kozi inataka nini, halafu ninamwambia ukweli hata kama haupendezi.

Mnamo Jumamosi tarehe 5 Aprili 2025, Natalie Njoki Maina, mwenye miaka 18, alikuja ukumbini na baba yake, Maina. Alikuwa amepata C+. Maina alitaka digrii.

"Digrii yoyote, Mama Micah," aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu. "Hata ya kuhesabu nyuki."

Natalie alitaka uuguzi. Niliwaonyesha kwamba kwa digrii ya uuguzi alama yake ya Kemia haingetosha, lakini kwa diploma angepata nafasi bila shida. Maina aliuliza kama kuna mtu hupigiwa makofi kanisani kwa sababu ya diploma. Natalie akamjibu, "Utanipigia wewe siku ukiugua." Tulicheka, na Maina akakubali.

Siku hiyo hiyo alikuja Kimberly Njoki, mwenye miaka 21. Mama yake alikuwa dada ya Maina na alifariki Kimberly akiwa mdogo, kwa hivyo amelelewa na nyanya yao. Nyanya huyo, ambaye sisi humwita cucu, anaitwa Njoki. Wasichana wote wawili wamepewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, na nyumbani kila mmoja huitwa Njoki tu. Maina huwaita wote wawili "mami", kwa kuwa wamebeba jina la mama yake. Kwa sura pia wamefanana.

Kimberly naye alitaka uuguzi. Alikuwa na D+ katika Bayolojia. Nilimwambia kwamba hawezi kuchukuliwa, nikamwonyesha kozi ya cheti ya kuhudumia wagonjwa ambayo inakubali alama zake. Akanijibu:

"Anti, cucu ana sukari. Mimi ndiye humdunga sindano kila asubuhi, mwaka wa tatu sasa. Hakuna siku ameniuliza nilipata nini Bayolojia."

Aliondoka bila kuchagua kitu.

Natalie alipata nafasi ya diploma aliyoomba. Wakati akingoja chuo kifunguliwe, alienda Longonot kwa dada ya mama yake kumsaidia katika mkahawa. Vyeti vyake, yaani cha kuzaliwa na cha matokeo, aliviacha kwa cucu, ambako vyeti vya nyumba yote huwekwa.

Mnamo Jumatatu tarehe 18 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Cucu Njoki alikuja dukani akiwa na Kimberly. Alisema, "Nitolee barua ya Njoki ya chuo." Niliichapisha nikampa. Hapa kwetu barua ya mtoto anapewa yeyote wa nyumba yake anayeijia, na sijawahi kumnyima mzazi wala nyanya. Halafu akasema, "Na huyu umpige picha za pasipoti." Kimberly alikuwa amevaa blauzi nyeupe. Nilimuuliza picha ni za nini, na cucu ndiye aliyejibu kwamba ni za kazi. Kimberly alikuwa anatazama chini na ikabidi nimwambie ainue kichwa. Nilidhani anaona haya.

Mnamo Jumanne tarehe 2 Septemba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Natalie aliingia dukani akitoka Longonot, begi likiwa bado mgongoni. Alitaka nimchapishie barua pamoja na fomu ya daktari, ili apimwe kabla ya kuripoti Jumatatu tarehe 8. Nilimwambia siku ya kuripoti ilikuwa jana yake.

"Hapana, anti. Cucu alinipigia simu. Alisema wamesogeza mbele wiki moja."

Nilipiga simu chuoni nikiwa naye. Karani wa usajili alituambia, "Natalie Njoki Maina? Huyo ashafika jana. Ako hosteli." Natalie akachukua simu, akasema, "Lakini mimi ndiye Natalie." Karani alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamuuliza kama ana kitambulisho. Natalie hana, kwa sababu aliomba mwezi wa sita na bado hakijatoka. Yule aliyeripoti pia hakuwa na kitambulisho. Alikuwa na barua, cheti cha kuzaliwa na cha matokeo, na vyote havina picha. Picha alienda nazo mwenyewe.

Karani alisema usajili unafungwa Ijumaa tarehe 5 saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi haibadilishwi, na hawawezi kumtoa mwanafunzi bila maandishi ya polisi.

Nilifunga duka nikaenda na Natalie kwa Cucu Njoki. Maina alikuwa anarekebisha ua. Cucu hakuficha lolote. Alituletea viti.

"Barua ilikuwa ya Njoki," alisema. "Njoki ni mimi. Nikampa Njoki."

"Cucu, mtihani niliufanya mimi."

"Na uliufanya vizuri. Wewe una akili, una baba, mwaka ujao utapata ingine. Huyo mwenzako ana nini? Na ni nesi tayari, hata mkono wangu unajua."

Natalie alimgeukia baba yake. Maina alisema, "Mami, usipeleke haya mambo polisi. Utashtaki jina lako mwenyewe?" Natalie akamwambia, "Basi twende pamoja, uwaambie wewe kwamba mimi ni mtoto wako." Maina alirudi kwenye ua. Tulimsikia akigonga msumari tukiwa tunatoka.

Mnamo Jumatano tarehe 3 Septemba, saa mbili unusu asubuhi, nilimsindikiza Natalie hapa kituoni akaandikisha malalamiko. Saa tisa alasiri Kimberly aliletwa na matroni wa chuo. Alikuwa amevaa sare ya wanafunzi, shati la samawati, na viatu vipya vyeusi. Konstebo Chepkosgei aliuliza majina, kila mmoja akasema Njoki. Akaweka kalamu chini. "Sasa nyinyi, nimfungie Njoki yupi? Na huyo cucu akija nitaambiwa ni Njoki wa tatu?"

Alimuuliza Kimberly kama alijua anatumia jina la mwingine. Kimberly alisema, "Wakiita Njoki naitika tangu nizaliwe. Wakiita Natalie, mara ya kwanza nilichelewa kuitika. Hapo ndipo nilijua."

Waliambiwa wangoje kwenye benchi, nami nikaketi upande wa pili. Kisha Kimberly akaanza kuongea bila kumtazama mwenzake.

"Kitanda chako ni cha chini, kando ya dirisha. Upepo unaingia, beba blanketi. Na yule madam anayefundisha mifupa anaongea chini chini. Keti mbele."

Natalie aliuliza, "Leo nani amemdunga cucu?"

"Anko. Nilimfundisha wiki iliyopita. Anafunga macho."

Natalie aliinamisha uso kwenye magoti. Kimberly alimshika bega, na Natalie hakuuondoa mkono huo. Walikaa hivyo mpaka Kimberly akaitwa kuingizwa ndani.

Jioni hiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini, Cucu Njoki alikuja dukani na Maina. Nilimpa kiti, akakataa kuketi.

"Mama Micah, wewe hupiga watu wengi picha. Hiyo moja unaweza sahau."

Nilimwambia, "Cucu, nikisahau, Natalie anabaki nyumbani."

"Na ukikumbuka, Kimberly anafungwa. Huyo mwingine anabaki nyumbani kwao, kwa chakula na baba. Linganisha."

Nilimuuliza Maina yeye anasemaje. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Alisema, "Mimi usiniulize. Wote wananiita kwa sauti moja." Waliondoka bila mimi kuahidi kitu. Cucu alishuka ngazi akishikilia ukuta, na alipofika chini alisimama kupumzika. Nilitaka kumfuata, sikumfuata.

Leo Konstebo Chepkosgei amenionyesha fomu ya usajili ya chuo, yenye picha iliyobandikwa juu kulia. Picha hiyo niliipiga mimi, dukani mwangu, tarehe 18 Agosti. Aliye kwenye picha ni Kimberly Njoki. Si Natalie Njoki Maina. Natalie ndiye niliyemsaidia kuomba nafasi hiyo, na alama zilizomwezesha kuipata ni zake.

Ninaomba pia iandikwe kwamba Kimberly nimemjua tangu akiwa mtoto na sijawahi kusikia amechukua kitu cha mtu. Barua hakuja kuiomba yeye. Aliiomba mtu ambaye Kimberly hajawahi kumkatalia neno.

Hayo yote nimeyasema bila kulazimishwa na mtu, na ni ya kweli kadiri ninavyojua. Niliamua kuyasema usiku wa kuamkia leo, nikiwa kitandani na taa imezimwa. Nilipokwisha kuamua, nililala. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Sahihi ya shahidi: M. Wachuka

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya, akasahihisha saa mahali pamoja, akatia sahihi mbele yangu leo saa nne na dakika tano asubuhi. Nakala amepewa mlalamishi, Natalie Njoki Maina, aipeleke chuoni kabla ya kesho saa sita mchana. Mshukiwa Kimberly Njoki bado yuko kizuizini. Ameuliza mara mbili kama nyanya yake amepata sindano ya leo. Nimetuma mtu aulize.

Konstebo R. Chepkosgei