Nilipofungua Pete za Fedha

Jumamosi, Maskati.

Unyevu wa leo haukuwa na adabu hata kidogo. Nilipotoka nyumbani Sib asubuhi, miwani ilifunga ukungu nikiwa bado mlangoni, na sasa alasiri imekwisha na nguo bado zimenigandama mgongoni. Naandika nikiwa na hasira, basi anayesoma anivumilie.

Leo nimesema hapana mbele ya wanaume tisa.

Kwa asiyenijua: siku za kazi nauza dawa famasi. Siku za mapumziko natazama bunduki za zamani za kijeshi, zile ndefu za risasi moja moja, ambazo wazee walizibeba begani na leo hazina kazi ila kuning'inia ukutani na kutolewa siku za harusi. Kazi yangu ni kusema kama bunduki ni ya asili, yaani mbao, mtutu na vyuma vyake vimekuwa pamoja tangu mwanzo, au mtu ameokota kipande huku na kipande kule akaunga. Nimeirithi kazi hii kwa baba, Mungu amrehemu. Wenye bunduki wa hapa walimwita Fundi Saleh, na neno lake lilikuwa halirudiwi.

Alinifundisha kwenye meza ya jikoni. Kwanza vichwa vya skrubu, maana skrubu iliyowahi kufunguliwa na fundi mbovu huwa imekwaruzwa kingo. Kisha nambari: iliyogongwa kwenye mtutu na iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki zinatakiwa zilingane. Kisha chapa, kama kingo zake bado kali au zimelainishwa na msasa. Mwisho unaishika. Bunduki iliyobebwa kweli imelika pale mkono ulipokaa na pale ilipogusana na tandiko la ngamia, na si kwingine. Wanaoghushi hupiga msasa kila mahali, utadhani huyo babu alikuwa na mikono minane.

Sehemu moja tu baba hakunifundisha kuitazama.

Watu wa hapa huzivisha bunduki zao pete pana za madini ya fedha, zikauzunguka mtutu na mbao kwa pamoja. Mara nyingi fedha hiyo ni bangili za mikononi na mitali ya miguuni ya wanawake wa nyumba, zimeyeyushwa. Kwa hiyo haivuliwi. Kuivua fedha ya bunduki ya watu ni kama kumvua bibi wa watu ushungi. Baba hakuthubutu hata mara moja. Alitazama juu ya pete, akatazama chini ya pete, akairuka yenyewe, kisha akaandika hukumu yake. Na kila anayeghushi analijua hilo. Ukiwa na kiungo cha mbao mpya cha kuficha, huna haja ya kuhangaika, kivishe fedha tu.

Nimelisema hili kwa miaka na nimeambiwa sina haya.

Leo tulikutana mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwenye majlisi, sebule ya wageni, ya mmoja wa wenye bunduki. Wanatayarisha onyesho dogo, na kila bunduki itawekewa kadi ya kueleza ilivyo. Bila saini yangu kadi haiwekwi. Hivyo ndivyo walivyokubaliana wenyewe walipoamua kunirithisha kiti cha baba. Zilipita bunduki nne bila tabu. Ya tano ilikuwa ya Ami Khalfan.

Ami Khalfan ni rafiki wa baba tangu ujana wao. Amenipakata nikiwa mdogo. Alileta bunduki ya babu yake yenye pete saba, na kabla ya kuiweka mezani alitangulia kuweka karatasi iliyofunikwa plastiki. Niliujua mwandiko ule kabla sijausoma. "Asili kamili," na chini yake jina la baba. Kilichobaki ni mimi kutia langu chini ya lake.

Niliitazama. Skrubu safi, chapa kali, kitako kimelika mahali pake. Lakini kwenye pete ya tatu mbao ilikuwa nyeusi upande mmoja, na upande wa pili ina wekundu mdogo. Mdogo sana. Nilitamani nisingeuona.

"Ami, naomba niifungue pete hii."

"Ya nini? Babako, Allah amrehemu, keshaitazama."

"Hakutazama chini ya fedha."

"Mwanangu, fedha hii mitali ya bibi yangu. Haivuliwi mbele ya wanaume."

Wengine walicheka. Mmoja akasema nitie saini basi, chakula kinapoa. Nilijua vizuri nikikataa wataona binti wa Fundi Saleh amemvunjia heshima rafiki wa baba yake, hawataniita tena, na kiti kile kitakwenda kwa mtu atakayetia saini huku anatafuna. Nilikitaka kiti kile. Nakiri. Nimekitaka tangu nilipokuwa siwezi hata kuinua bunduki bila kuiegemeza kwenye goti.

Niliweka kalamu chini. Nikasema sitii saini kitu nisichokiona.

Ami Khalfan mwenyewe akainuka.

"Basi tokeni nyote. Abaki huyu."

Wakatoka! Wanaume wanane na kanzu zao zilizopigwa pasi, barazani, kwenye joto lile, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Ami mwenyewe akageukia ukuta akanipa mgongo, ili asimwone bibi yake akivuliwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikachukua bisibisi.

Misumari minne midogo, nikaikongoa mmoja mmoja. Pete ilitoka, na chini yake kulikuwa na kiungo. Mbao ya mbele ilikuwa mpya, imekatwa na kugundishwa, imepakwa rangi ya chai. Nikafungua na zilizobaki, nikainua mtutu. Nambari iliyofichika chini ya mtutu haikulingana na ya mwili. Bunduki mbili zimefanywa moja. Ila ile fedha ilikuwa ya kale, haina shaka, imelainika kwa mikono ya watu kwa nje, na ndani yake ilikuwa na alama za mbao ya umbo jingine kabisa. Mahali fulani, siku fulani, bunduki ya babu ilipelekwa kutengenezwa ikarudi nyingine imevaa nguo zake.

Nilimweleza yote. Hakugeuka.

"Babako hakujua?"

"Hakufungua, Ami."

Kisha akauliza, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Na ile ya ukutani kwenu, umeifungua?"

Nilirudisha pete zake, msumari kwa msumari, nikaandika kadi: fedha ya asili, bunduki imeungwa. Karatasi ya baba nikaipiga mstari mmoja na kutia jina langu pembeni. Ami aliifunga bunduki yake kwenye shuka akaondoka bila kugusa chakula. Mwenye nyumba akaniambia watanipigia simu, kwa sauti ya mtu ambaye hatapiga.

Wasinipigie.

Njia nzima ya kurudi Sib nilikuwa nimemkasirikia marehemu. Najua haifai, lakini nilikuwa nimekasirika. Aliniachia jina zuri, nami leo nimelipiga mstari mbele ya rafiki yake, kwa sababu yeye aliona haya kushika bisibisi.

Ya kwetu ina pete tano. Iko ukutani sebuleni, na ndiyo iliyo kwenye picha ya juu kabisa ya blogu hii, mimi nimesimama chini yake natabasamu. Nimeiandikia "Bunduki ya babu." Nimewasimulia wageni mara ngapi sijui, kama baba alivyowasimulia, kwamba babu aliibeba na fedha ni ya bibi. Nimeingia majumba ya watu na tochi na kioo cha kukuzia, na hii ya sebuleni kwetu sijawahi hata kuishusha.

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilileta ngazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi anachambua mchele, akanitazama ninavyopanda.

"Shusha taratibu," akasema. "Hiyo pete ya katikati bangili yangu ya mkono wa kulia."

Nilisimama palepale juu ya ngazi.

"Mama, si fedha ya bibi?"

"Bibi yako hakuwa na fedha ya kuvisha bunduki. Babako kaja nayo hii kutoka sokoni, imefungwa gunia. Sie tumetoka Unguja na masanduku matatu na cherehani. Kila nyumba tunayoingia ina bunduki ya babu ukutani, na kila mtu anatuuliza, nyie hasa watu wa wapi? Basi naye akataka babu ukutani. Nikampa bangili. Nna raha gani ya bangili na mume wangu anaona haya kukaribisha watu?"

Alisema na kuendelea na mchele wake.

Nilifungua pete ya kati, kisha zote. Kiungo kilikuwa wazi, kibaya, cha haraka, ambacho hata mwanafunzi angekiona, na mtutu ulitoka kwenye bunduki nyingine tena. Na baba hakuwa mwanafunzi. Baba alijua kilichokuwa chini ya fedha ya nyumba yake tangu siku ya kwanza, na naona hii ndiyo sababu hakupenda kufungua za wenzake. Huenda alidhani kila nyumba ina gunia lake.

Nimelia kidogo, kisha nikaacha. Nimemsamehe. Lakini sitafanya kazi hii kama yeye.

Wala sitaona haya. Mtu akija kuniuliza sisi hasa watu wa wapi, nitamweleza masanduku matatu na cherehani, ameze kama anaweza. Nimechoka kujitafutia babu kwa ajili ya wageni. Babu yangu alikuwa anashona kanzu Unguja na hakuwahi kugusa bunduki maishani mwake, na mimi ni mjukuu wake halali.

Yale maneno ya chini ya picha nimeyafuta sasa hivi. Kesho nitampelekea Ami Khalfan jibu lake mwenyewe, nyumbani kwake, bunduki yetu mkononi na pete zake zimefunguliwa, aitazame kwa raha yake. Kisha nitaipeleka kwenye onyesho lao, wanipigie au wasinipigie, na kadi yake nimeshaiandika. Mbao za bunduki mbili. Mtutu wa bunduki ya tatu. Fedha ya asili, bangili za mama yangu.

Nilimsomea mama. Nilidhani atasema niache, nisiitoe siri ya nyumba mbele za watu. Aliweka ungo chini akafuta mikono.

"'Mama yangu' ndio nani?" akasema. "Andika jina zima."

Nimeandika: Zuwena binti Suleiman.